Macho ya Mlimani: Nani Aliwaonyesha Babu Zetu Njia ya Burma?

Tangu tulipoweka hewani kipindi cha mababu waliokwenda Burma na Keya, mmetuandikia sana. Wengine mmetuma picha za kofia za jeshi zenye ukingo uliokunjwa upande mmoja, wengine medali zilizokaa miaka themanini ndani ya kopo la biskuti. Lakini kati ya jumbe zote kuna moja iliyonikaa kichwani. Msikilizaji aliuliza hivi: sawa, babu zetu walipigana kule, lakini msitu ule hawakuujua, milima ile hawakuijua, wala lugha ya watu wa pale. Sasa nani aliwaambia adui yuko wapi?

Swali zuri hilo. Nimelifuatilia kwa wiki kadhaa, na jibu linaanza miaka miwili kabla babu zetu hawajafika.

Mpaka usio na barabara

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, ambayo leo ni Myanmar na wakati ule ilikuwa koloni la Uingereza. Mji mkuu, Rangoon, ulianguka Machi 8. Jeshi la Waingereza na Wahindi likarudi nyuma karibu kilomita 1,500 hadi mpaka wa India, na nyuma yake wakaja wakimbizi kwa mamia ya maelfu, wengi wao Wahindi waliokuwa wakiishi Burma. Walipita milimani kwa miguu, mvua za monsuni zikiwapiga. Wengi walikufa njiani.

Mvua zilipokolea, vita vikasimama. Wajapani wakabaki upande wa mto Chindwin, Waingereza wakabaki Assam na Manipur, na katikati yao ikabaki milima. Ukiangalia ramani utaona safu inashuka kutoka karibu na Himalaya mpaka Ghuba ya Bengal: milima ya Wanaga, kisha Manipur, kisha ya Wachin na Walushai, halafu Arakan. Ni zaidi ya kilomita elfu moja za miteremko mikali, mianzi, ukungu na ruba. Vijiji vimejengwa juu kabisa, migongoni mwa milima, na kutoka kimoja hadi cha jirani unaweza kushuka na kupanda siku nzima. Mara nyingi hata lugha hubadilika ukivuka bonde moja tu.

Sasa fikiria wewe ndiye kamanda. Ndege zako zinapiga picha kila siku, lakini picha inaonyesha majani tu. Chini ya majani hayo kinaweza kupita kikosi kizima usikijue. Redio zilizokuwepo zilikuwa nzito, na mabonde yalimeza mawimbi. Kilichobaki ni jicho la mtu aliyezaliwa pale.

Ndipo Aprili 1942 Jenerali Wavell, aliyekuwa mkuu wa majeshi India, akaagiza kiundwe kikosi kilichokuja kuitwa V Force. Kilipewa Brigedia Felix Williams, mtu aliyezoea vita vya milimani upande wa mpaka wa Afghanistan. Mpaka ukagawanywa kwa maeneo. Kila eneo lilikuwa na maofisa wachache, askari wapatao 100 wa Assam Rifles, na ruhusa ya kuandikisha wenyeji hadi 1,000. Maofisa wenyewe wengi hawakuwa wanajeshi wa kazi: kulikuwa na wakulima wa chai, polisi, na mabwana wa serikali waliowahi kukaa na watu wale na kujua maneno yao mawili matatu.

Wazo la mwanzo lilikuwa vita vya msituni. Wajapani wakivamia India, V Force ibaki nyuma yao, ikate njia zao za chakula na risasi. Lakini mwaka ule Wajapani hawakuja. Kwa hiyo kazi ikageuka, ikawa kuangalia na kuripoti.

Hapa tusimame kidogo kwenye maneno, maana najua wengi wetu Kiswahili chetu cha mambo haya tumekipata kwenye filamu. Jasusi ni mtu anayejificha ndani ya nyumba ya adui. Mpelelezi ni neno pana zaidi, hata polisi anayechunguza wizi wa kuku ni mpelelezi. Watu wa V Force walikuwa karibu zaidi na lile neno la wawindaji: walikuwa wafuatiliaji. Walisoma unyayo. Alama ya kiatu cha Mjapani haikufanana na alama ya mguu mtupu wa mwanakijiji. Moshi mahali pasipo na kijiji, mchele ulionunuliwa kwa wingi kuliko kawaida, mtumbwi uliohamishwa kutoka gati lake: zote hizo zilikuwa habari. Ilibidi mtu aione, aielewe, halafu ipite mkono kwa mkono hadi mahali penye redio au simu.

Bibi wa Laisong

Hadithi ya kikosi hiki inayojulikana zaidi ni ya mwanamke. Ursula Graham Bower alizaliwa Uingereza mwaka 1914. Alifika milima ya Wanaga mwaka 1937 kama mgeni, akaipenda, akarudi, na mwishowe akajenga nyumba katika kijiji cha Laisong, kwa Wanaga wa kabila la Zeme. Alikuwa anapiga picha na kuandika juu ya maisha yao. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni miaka ya kukaa nao, kujifunza lugha yao na kugawa dawa. Wakimbizi wa Burma walipomiminika mwaka 1942, alikwenda kwenye stesheni ya reli ya Lumding kuwapikia na kuwagawia chai na chakula.

Mwaka huo huo V Force ikamwomba aandikishe Wazeme wawe walinzi wa njia za milimani. Kwenye maandishi mengi mtandaoni hadithi inarukia hapa hapa kwenye sifa: mwanamke wa Kizungu, bunduki begani, malkia wa Wanaga. Mimi naona sehemu nzito ni nyingine. Kwa nini Wazeme wakubali?

Maana walikuwa na sababu zote za kukataa. Miaka kumi tu nyuma, kijana mmoja wa eneo lile, Jadonang, alikuwa ameanzisha harakati ya dini na ya kuwapinga Waingereza. Wakamnyonga mwaka 1931. Binamu yake, Gaidinliu, akaichukua harakati akiwa bado msichana. Mwaka 1932 walimkamata akiwa na umri wa miaka 16 hivi, wakamfunga maisha. Wakati Ursula anazunguka vijijini kutafuta walinzi, Gaidinliu alikuwa bado gerezani, na hakutoka mpaka 1947. Yaani watu walikuwa wanaombwa wawe macho ya serikali ile ile iliyomfungia binti yao.

Wengine walisema hapana, na nadhani ningekuwa mmoja wao. Waliokubali, kwa kiasi kikubwa walikubali kwa sababu ya mtu waliyemjua, ambaye alikuwa amekula nao na kuwatibia watoto wao. Baadhi ya wanakijiji waliamini hata kwamba roho ya Gaidinliu ilikuwa ndani yake. Mkono wake wa kulia alikuwa Mzeme aitwaye Namkia, mtu mwenye heshima kwao na mwenye msimamo. Bila yeye, Ursula angebaki mgeni mwenye kamera.

Silaha zao za mwanzo zilikuwa magobore. Ndiyo, gobore, hili hili la kushindiliwa baruti kwa mdomo ambalo wazee wetu walikuwa wanawindia nguruwe shambani. Walinzi waliwekwa kwenye njia kuu za milimani, na wapiga mbio wakapeleka habari kutoka kituo hadi kituo.

Machi 1944

Mtihani ulikuja Machi 1944. Jeshi la 15 la Japani, chini ya Jenerali Mutaguchi, lilivuka Chindwin kwa divisheni tatu kuelekea Imphal na Kohima. Askari walibeba chakula cha wiki tatu hivi. Mpango ulikuwa kuteka maghala ya Waingereza na kula humo.

Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, alijua mashambulizi yanakuja. Alichokosea, na aliandika mwenyewe baada ya vita, ni ukubwa na kasi yake upande wa Kohima. Aliamini kwamba milima ile haiwezi kupitisha zaidi ya rejimenti moja. Kumbe ilipita divisheni nzima, ya 31. Kohima ilikuwa na wapiganaji kama 1,500 tu ilipozingirwa mwanzoni mwa Aprili.

Hapo ndipo unaona mipaka ya upelelezi wowote. Macho yanaweza kuwepo, lakini makao makuu yana picha yake kichwani, na habari isiyoingia kwenye picha hiyo inachelewa kusikilizwa. Milima ambayo jenerali aliiona ukuta, mwanakijiji aliiona njia, kwa sababu yeye aliipita kila msimu akienda kuuza pilipili na kununua chumvi.

Kwa Ursula na Wazeme, mambo yaligeuka ghafla. Walikuwa wamewekwa nyuma ya mstari, sasa mstari haukuwepo. Kati yao na Wajapani hapakuwa na jeshi. Baadhi ya walinzi waliomba ruhusa kwenda nyumbani, na aliwaruhusu akidhani hawatarudi. Walirudi. Kumbe walikwenda kupanga mambo ya familia: nani atalea watoto, nani atarithi shamba. Ukishapanga hayo, unaweza kusimama njiani. Slim alipopata habari zao aliwaongezea silaha na watu, na kikosi kikafika Wanaga wapatao 150, wakichunga njia za kuelekea reli ya Assam, ambayo ingekatwa basi jeshi lote lingekosa riziki.

Kohima ilishikiliwa, na barabara ya Imphal ikafunguka Juni 22, 1944. Wajapani waliobaki wakarudi milimani katika mvua, bila chakula, wakifa kwa njaa na magonjwa. Kati ya askari wao kama 85,000, zaidi ya 50,000 waliuawa, waliumia, waliugua au walipotea.

Ndipo Keya wakaja

Waliowafuata ni babu zetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943 kwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ikapelekwa kwanza Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Ni moja ya ajali kubwa kabisa za meli za Waingereza katika vita vile, na nyumbani kwetu karibu haisemwi.

Kuanzia Agosti 1944 divisheni ilishuka Bonde la Kabaw, kutoka Tamu kuelekea kusini. Mvua hazikukoma. Barabara ilikuwa tope la magoti, chakula kilidondoshwa kwa ndege, na bonde lilikuwa na malaria kali pamoja na homa inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Babu yangu mzaa mama alikuwemo. Alipoulizwa kuhusu Burma alikuwa na sentensi mbili tu: mvua ilikuwa kama mtu anakumwagia ndoo, na huko ukivua kiatu ukakuta damu usishtuke, ni ruba.

Kalewa ilichukuliwa Desemba 2, na hapo kwenye mto Chindwin wahandisi wakajenga daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo. Jeshi la 14 likavuka kuelekea katikati ya Burma.

Watu wa milimani ndio waliokuwa wakijua nini kilicho mbele. Hebu fikiria safari ya neno moja. Mwanakijiji anaona Wajapani kwenye kivuko. Anasema kwa lugha ya kwao. Mwingine anaigeuza kwa lugha ya sokoni au Kihindi. Ofisa anaiandika kwa Kiingereza. Halafu Mzungu wa Keya, ambaye alitakiwa ajifunze Kiswahili ili awaamrishe askari wake, anaigeuza kwa Kiswahili cha kambini: adui mbele, ng'ambo ya mto. Lugha nne, na ukikosea moja watu wanakufa. Sisi tuliokua tukiwatafsiria mama zetu hospitalini na mashuleni tunajua uzito wa kuwa katikati ya maneno ya watu. Sisi tulibeba karatasi za dawa, wao walibeba hilo.

Jambo moja kabla sijasahau, maana mmeliuliza: Idi Amin hakuwepo. Alipenda kusema alipigana Burma, lakini aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Malipo

Sasa tuje kwenye lile linaloniuma.

Agosti 14, 1947, siku moja kabla ya India kupata uhuru, baraza la Wanaga lilitangaza uhuru wao. Haukutambuliwa. Vilifuata vita vya miongo mingi, na jimbo la Nagaland lililoundwa mwaka 1963 halikuvimaliza. Mpaka wa India na Myanmar ulipita katikati yao. Katika kijiji cha Longwa mstari unapita ndani ya nyumba ya chifu: upande huu India, upande ule Myanmar. Wamaasai wanaijua hadithi hiyo.

Upande wa Arakan, V Force iliwategemea sana Waislamu wa kaskazini, ambao leo dunia inawaita Warohingya. Majirani zao wengi Wabudha walikuwa upande wa Wajapani, na chuki iliyowashwa mwaka 1942 haikuzimika. Tangu Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 wa jamii hiyo wamekimbilia Bangladesh. Siwezi kusema vita vile ndiyo sababu pekee. Lakini jeshi linapomwomba mtu achague upande kijijini kwake, lenyewe litaondoka. Yeye atabaki na majirani.

Na kwetu? Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri, alipigana Burma na kikosi cha 36 cha Tanganyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaeleza jinsi mazungumzo na askari wa mataifa mengine yalivyomfanya ajiulize anapigania nchi ya nani. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China wa Mau Mau, akitumia ujuzi wa msituni dhidi ya waliomfundisha, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Nao Waingereza walitumia nini dhidi ya Mau Mau? Wenyeji. Watu waliofunikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho, wakitikisa kichwa kuonyesha nani mwenzao na nani si mwenzao. Wakikuyu waliwaita gakunia, na jina hilo bado linachoma.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa. Mlinzi Mnaga na mtu wa gunia walifanya kazi ya namna moja: kumwambia Mwingereza kile ambacho Mwingereza hawezi kukiona. Mmoja tunamwita shujaa, mwingine msaliti. Nimejaribu kutafuta tofauti yao, na ninachokiona ni hiki: habari za Wazeme zilihusu mvamizi aliyekuwa akija kuchukua mchele wao. Za gunia zilimhusu jirani. Ila sidhani mstari ni safi hivyo. Mtu wa Arakan alikuwa anaripoti Wajapani na majirani pia.

Majina

Tunalijua jina la Ursula kwa sababu aliandika kitabu, alipewa nishani, na aliishi mpaka 1988 akihojiwa. Jina la Namkia tunalijua kwa sababu Ursula aliliandika. Wengine 150 wako wapi? Katika makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi, na Waafrika wamo. Lakini mnara ni wa wanajeshi. Mkulima aliyeonyesha njia hana ukurasa. Kwetu ni vilevile: wapagazi wa Vita vya Kwanza walikufa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko. Kariakoo, usisahau, ni Carrier Corps kwa kinywa cha Mswahili.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja dogo. Kama nyumbani kwenu bado yupo mzee aliyemsikia babu akisimulia Burma, mpigie simu wiki hii. Mama zetu, wajomba na mashangazi wanakumbuka zaidi kuliko wanavyodhani. Usianze na "alipigana vita gani." Uliza alikuwa kikosi namba ngapi, maana 11, 26 na 34 zilikwenda na brigedi moja, na 36 na nyingine. Uliza alikula nini. Uliza alirudi na maneno gani ya kigeni, maana wengi walirudi na Kihindi cha sokoni. Kisha uliza swali la msikilizaji wetu: huko msituni, nani aliwaonyesha njia?

Ukipata jina, hata nusu ya jina, hata "kijana mmoja wa pale aliyekuwa akipenda sigara zetu," litume. Tutalisoma hewani.